Kiti Kinachotazama Mlango

Tarehe 3 Februari 1986 aliajiriwa katika kiwanda cha mbao kilicho nyuma ya stesheni ya mizigo, na siku hiyohiyo akakabidhiwa msumeno wa mviringo aliouendesha mpaka alipostaafu. Msumeno ulikaa kushoto kwake. Vifuniko vya masikio vilikuwepo. Vilining'inia kwenye msumari juu ya swichi. Wafanyakazi walivivaa shingoni siku ya mkaguzi, kisha vikarudi msumarini kukusanya vumbi. Fundi anayeziba masikio, walisema, hawezi kusikia msumeno unapobadili sauti kwa kugonga fundo la mti, na asiyesikia fundo hupoteza vidole. Yeye alistaafu na vidole vyake vyote. Mpaka leo huvinyoosha mezani mtu akimuuliza habari za kazi.

Mtaani wanamwita Fundi tu. Mafundi wamejaa, wa viatu, wa bomba, wa saa, lakini ukisema Fundi bila kuongeza neno, watoto watakuelekeza kwenye nyumba yake yenye mlango wa mbao nzito aliouchonga mwenyewe.

Vidole alirudi navyo, masikio akayaacha kiwandani. La kushoto lilikufa akiwa bado kazini, bila maumivu, kama balbu inavyoungua. La kulia lilififia polepole baada ya kustaafu, na mwanzoni mwa mwaka huu nalo likazima. Mtaalamu wa masikio, kijana mpole aliyekuwa akiandika kwenye kompyuta na kumgeuzia kioo asome, alimweleza kwamba kifaa cha kusikilizia kingemkuzia kelele tu, kwa sababu mshipa wa kusikia wenyewe umechoka. Fundi alisoma, akashukuru, akarudi nyumbani. Binti yake, ambaye ni msusi na ana kibanda chake cha kusukia mbele ya nyumba, alimpokea mlangoni. Fundi alimwambia jambo moja tu.

"Mjomba wako na Mwalimu wasijue."

"Baba, watajua tu."

"Wasijue kutoka kwako."

Binti ndiye mtu pekee ambaye Fundi bado anamwelewa. Amezoea midomo yake tangu utotoni, na msusi huyo hutamka maneno taratibu, mdomo wazi, kama anayemlisha mtu. Aliahidi. Alijua baba yake anaomba nini, kwa sababu alijua Jumapili ni siku gani ndani ya nyumba ile.

Mambo ya Jumapili yalianzia kwenye duka la kurekodi kanda lililokuwa karibu na geti la kiwanda. Mwenye duka alikuwa na santuri moja iliyomjia kwa njia asiyopenda kuieleza. Ilikuwa kazi ya mpiga gitaa wa bendi kubwa ya roki nzito, ambaye baada ya miaka mingi ya kujaza viwanja vya mpira alikosana na wenzake, akaingia studio na kutoa albamu yake ya kwanza akiwa peke yake. Hiyo ndiyo habari yote aliyokuwa nayo mwenye duka, na jina la mtu huyo alilitamka kila siku kwa namna nyingine. Picha ya jalada ilikuwa imenakiliwa mpaka ikawa nyeusi tii. Kilichobaki ni mkono mmoja umeshika shingo ya gitaa. Walionunua kanda wakamwita Mkono.

Mwenye duka alirekodi albamu nzima kwenye upande mmoja wa kanda ya dakika tisini, na upande wa pili akajaza nyimbo za dansi ili mteja asijione amepunjwa. Albamu haikuingia yote. Wimbo wa mwisho, ambao ni mrefu na hauna maneno, ulikatika gitaa likiwa juu kabisa, linapanda ngazi baada ya ngazi. Halafu, klap. Kanda imeisha. Mteja aliyerudi kulalamika aliambiwa kwamba santuri yenyewe imeshauzwa.

Wanne kati ya wateja hao wakawa wasikilizaji. Fundi alikuwa na sebule na redio kaseti yenye spika mbili kubwa, kwa hiyo walikutana kwake kila Jumapili saa kumi jioni. Wa pili alikuwa kaka wa mke wake, fundi umeme wa magari mwenye sharubu nzito zilizofunika mdomo wote wa juu na sehemu ya ule wa chini; yeye na Fundi wanaitana Shemeji tangu siku ya posa, na mke wa Fundi alipofariki hawakubadilisha. Wa tatu alikuwa mwalimu wa jiografia, mtu wa kuzungumza huku akitazama ndani ya kikombe chake kana kwamba hoja zake zimezama humo. Wa nne alikuwa dobi.

Hawakuwa watu wa kucheza wala kupiga makelele. Walikaa, wakasikiliza, kisha wakabishana. Shemeji alishikilia kwamba wimbo wa pili ni injini inayowaka asubuhi ya baridi: inakataa, inakohoa, inakataa, halafu inashika na wewe mwenyewe unapumua. Mwalimu alisema kwenye bendi mtu yule alipiga gitaa kama anayegombea nafasi ya kusema, na hapa, baada ya kubaki peke yake, hana wa kumkatiza, ndiyo maana ananyamaza katikati ya sentensi na kukuacha umngoje. Kuhusu uimbaji wake walikubaliana wote. Mkono aliimba kama mtu anayepanda ngazi akiwa amebeba godoro. Walimsamehe. Dobi aliwahi kusema kwamba angeimba vizuri asingemwamini.

Kanda ilipokatika, Fundi alisimama, akabonyeza kitufe cha kuzima, akawageukia na kuuliza, "Kafika wapi?"

Kila mmoja alijibu. Shemeji daima alisema Mkono ameshuka taratibu na kukaa. Mwalimu alisema kuna mlima mwingine nyuma ya ule. Dobi alisema amepiga noti moja ya mwisho, ndefu, mpaka umeme umekatika mji mzima. Fundi alikuwa wa mwisho kujibu, na jibu lake halikubadilika kamwe: "Bado anapanda."

Dobi ndiye aliyemfundisha Fundi kuogopa machungwa. Dobi alipopata kiharusi, wenzake walihamishia Jumapili nyumbani kwake ili asikose. Walibeba redio. Walibeba na mfuko wa machungwa, kwa kuwa mtu haendi kwa mgonjwa mikono mitupu. Wakakaa, wakamenya machungwa, wakamuuliza alivyolala, wakasifu hali ya hewa, na redio ikabaki sakafuni imefungwa kwenye shuka. Hakuna aliyeona ni adabu kumwekea mgonjwa roki nzito. Jumapili ya pili waliacha redio, wakaleta machungwa peke yake. Dobi aliwatazama kwa jicho lake moja lililokuwa bado linatii, akitaka kusema kitu. Alifariki bila kusikia tena hata wimbo mmoja. Fundi alilipiga msumari jeneza lake.

Basi sikio la kushoto lilipozima, Fundi hakumwambia mtu, aligeuza kiti. Gitaa la Mkono limerekodiwa karibu lote kwenye spika ya kushoto. Kulia kuna besi na ngoma. Kwa sikio moja la kulia, Fundi alikuwa anasikiliza albamu ya mpiga gitaa isiyo na gitaa. Alipogeuza kiti, mgongo kwa redio na uso kwa mlango, spika ya kushoto ikawa kuliani kwake. Wenzake wakacheka.

"Shemeji, umekaa kama konda," alisema Shemeji. "Utudai nauli kabisa."

"Nawachunga msisinzie," alijibu Fundi, na jibu hilo likampa miaka kadhaa.

Katika miaka hiyo ndipo alipojifunza nyuso zao. Mtu akisikiliza kitu anachokipenda, uso wake haujui kuficha. Injini ya wimbo wa pili ilipowaka, mabega ya Shemeji yalishuka. Kwenye wimbo wa polepole alifumba macho, akayafumbua pale tu Mkono aliporudi kuimba na godoro lake. Mwalimu aliinua kidole cha shahada kabla ya kila kimya, kama anayezuia darasa. Kanda ilipokatika wote wawili waliachia pumzi kwa pamoja. Kwa hiyo sikio la kulia lilipozima nalo, Fundi aliendelea kukaa kwenye kiti chake. Aliweka kiganja juu ya meza aliyoiunda mwenyewe, ambayo mguu wake mmoja uligusana na spika, akapata mapigo ya ngoma kupitia mbao. Yaliyobaki aliyasoma usoni kwao na kuyajazia kutoka kichwani. Alitikisa kichwa pale pale alipokuwa akikitikisa siku zote. Ikapita Aprili, Mei, Juni, na hawakujua.

Kwa nje ilionekana kama ushindi. Binti yake alijua si hivyo. Wiki nzima Fundi hakutoka nje; sokoni watu walimsemesha kwa nyuma na kumwona ana maringo. Usiku hakulala, kwa sababu masikio yaliyokufa hayakunyamaza: ndani yake kulikuwa na mlio mwembamba, wa juu, usiokoma, na aliutambua. Ulikuwa msumeno. Ulikuwa umestaafu pamoja naye. Na mwezi Julai alimweleza binti yake, akiwa anatazama ukuta, jambo ambalo hakuwa amelitarajia. Mkono alikuwa anaanza kuharibika hata kichwani. Akijaribu kuukumbuka wimbo wa polepole, msumeno ulipita juu yake, na kila ulipopita ulichukua kipande.

"Kesho sijui nitakuwa nakumbuka nini," alisema. "Lakini wale wakiwa wamekaa pale, nikiwaona, unarudi. Wakiacha kuja, umekwisha."

Binti alimshika mkono.

Alikuwa na jambo lake mwenyewe, hata hivyo, na alilifanya kwa nia njema. Simu yake ilikuwa na uwezo wa kusikiliza wimbo na kuutambua. Jumapili moja aliisimamisha dirishani wakati kanda inacheza, na simu ikamwambia Mkono ni nani, albamu inaitwaje, na kwamba wimbo wa mwisho una karibu dakika nne zaidi ya wanazozijua. Hakuufungua. Aliona si haki yake. Alimpa mjomba wake simu na kumwachia uamuzi. Shemeji alikaa na simu ile gereji siku nzima, akiigusa na kuiweka chini, kisha naye akakataa kusikiliza peke yake. Alimpigia Mwalimu. Walikubaliana kwamba wataisikia Jumapili, kwenye spika zilezile, pamoja na Fundi, na binti hawakumwambia.

Jumapili hiyo Shemeji alifika mapema, akachomeka waya kutoka kwenye simu hadi nyuma ya redio. Fundi alipotoka kunawa alimkuta amesimama mbele ya rafu, amefurahi kama bwana harusi.

"Shemeji, leo kaa tu, niachie mimi. Tumempata. Tumempata mzima, na mwisho wake."

Sharubu zilitikisika. Fundi aliona furaha, akaona mkono unaomwonyesha kiti, akakisia kwamba Shemeji anataka kuwasha redio leo.

"Haya," alisema.

Mwalimu, kikombe mkononi, naye akaeleza, akitazama chai: ni albamu ileile lakini imesafishwa, isiyo na kelele za kanda, na huko mwisho haikatiki, na kwa kweli yeye binafsi ana wasiwasi, maana mtu akingoja jambo miaka yote hii anaweza kujuta kulipata. Ilikuwa hotuba ndefu kwa mtu kama yeye. Fundi aliitikia kwa kichwa, kwa heshima, kila kikombe kilipoinuka.

"Una wasiwasi wewe pia?" aliuliza Mwalimu.

"Haya," alisema Fundi. Akaenda kwenye kiti chake, akaipa redio mgongo, akaweka kiganja mezani.

Binti alikuwa kibandani anamsuka mteja. Alisikia Mkono akianza, msafi kuliko alivyowahi kumsikia, na mikono yake ikasimama kichwani mwa yule mama.

Fundi aligundua mapema kwamba kuna kitu hakiko sawa. Mabega ya Shemeji yalishuka kabla ya wakati. Kanda ya siku zote ilizunguka kwa uvivu kidogo kuliko santuri, na hakuna kati yao aliyewahi kujua. Sasa nyuso zilikuwa mbele yake, na kumbukumbu yake ikibaki nyuma. Kwenye wimbo wa polepole Shemeji alifumbua macho Fundi akiwa bado katikati ya ubeti. Akafikiri, Shemeji anazeeka. Akasahihisha, akaruka ubeti, akawafuata. Kufika wimbo wa mwisho alikuwa amechoka kama aliyekimbilia treni, na jasho lilikuwa limeacha alama ya kiganja juu ya meza.

Gitaa likaanza kupanda. Hapa alikuwa nyumbani. Hapa hakuhitaji uso wa mtu. Ngazi ya kwanza, ya pili, ile inayoteleza, ile inayorudi chini kidogo kuchukua nguvu. Akangoja pumzi zao ziachiwe.

Hazikuachiwa. Shemeji alikuwa amesogea ukingoni mwa kiti, mdomo wazi chini ya sharubu. Mwalimu ameinua kidole na kidole kimebaki hewani. Fundi aliwatazama, akawatazama tena. Kumbukumbu ilimwambia kanda imeshakatika. Akaona wanavyokodoa macho kuelekea upande wake, na akaelewa kwa namna pekee aliyoweza kuelewa: wananingoja mimi. Nimechelewa. Watashtuka.

Akasimama haraka, akageuka, akabonyeza kitufe kikubwa cha redio bila kukitazama. Akawageukia na uso wake wa kila Jumapili.

"Kafika wapi?"



"Shemeji," alisema Shemeji, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyepigwa kibao. "Umezima nini? Alikuwa ndiyo anafika. Umezima nini sasa?"

Fundi alingoja sharubu zitulie. Akachukulia kwamba Shemeji ameshatoa jibu lake la siku zote, akamgeukia Mwalimu, akangoja na huko. Mwalimu hakufungua mdomo. Basi Fundi akatoa la kwake.

"Mimi nasema bado anapanda."

Mwalimu alikuwa amesimamia mitihani maisha yake yote, na anajua mtu anayenakili kwa jirani yake anavyokaa. Aliweka kikombe chini. Kisha, akiwa bado amekiinamia, bila kubadili sura, kwa sauti ya kuombea sukari, alisema, "Fundi, wewe ni mwizi wa kuku, na baba yako alikuwa mwizi wa kuku."

Fundi aliitikia kwa kichwa, akatabasamu. "Ndiyo hivyo," alisema.

Shemeji aliinamisha uso wake mikononi.

Binti aliwakuta hivyo, wote watatu, kitana bado mkononi mwake. Mjomba wake alimtazama mara moja tu na hakuhitaji kuuliza. "Tangu lini?" alisema hata hivyo. Msusi akajibu tangu mwanzo wa mwaka. Alijibu akimtazama baba yake, taratibu, mdomo wazi kama kawaida yake, na kwa hiyo Fundi naye alilipata neno kwa neno.

Hakukasirika. Aliuona waya nyuma ya redio, akaufuata kwa macho hadi kwenye simu, akamwomba binti amweleze. Binti alimweleza. Fundi alikaa, safari hii kwenye kiti cha marehemu dobi, akitazama redio kama wengine.

"Wekeni," alisema. "Msikilize. Hamuwezi kukaa bila kujua kwa ajili yangu."

Waliweka. Walisikiliza dakika zile nne za Mkono ambazo hawakuwahi kuzisikia, na Fundi akawasikilizia usoni kwa ubavu. Machozi ya Shemeji yaliingia sharubuni. Mwalimu alishusha kidole kidogokidogo, mpaka mkono wote ukalala pajani. Aligusa meza, hapakuwa na mapigo tena. Mwisho ule hauna ngoma, ni gitaa tupu.

Ulipokwisha, Fundi aliuliza kwa mara ya pili siku hiyo, na safari hii alikuwa anataka kujua.

"Kafika wapi?"

Shemeji alijaribu kusema, akakumbuka sharubu zake, akamgeukia Mwalimu. Mwalimu aliinua mkono ili amchoree hewani. Mkono ulipanda, ukasita, ukaenda upande mmoja, ukarudi, ukabaki umening'inia mbele ya uso wa Fundi bila pa kwenda. Akauteremsha. Akatikisa kichwa kwamba hawezi.

"Si neno," alisema Fundi.

Wakati wa kuaga Shemeji alimkumbatia, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu msiba wa dada yake. Mwalimu alimshika bega na kumwambia apumzike, ajitunze, ale vizuri. Fundi aliyasoma maneno hayo yote, kwa sababu sasa Mwalimu alikuwa amejifunza kuinua uso.

Jioni ileile Fundi aligeuza kiti chake kikatazama redio, sawa na vingine. Alikaa juu yake na kujaribu kukumbuka wimbo wa polepole, akaweza kufika ubeti wa kwanza.

Jumapili watakuja saa kumi kama kawaida. Mwalimu amemwambia binti kwamba ataleta machungwa.